Barua ya wazi kwa IEBC: kabla hamjaugusa mpaka wa Kibra

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC),
Nairobi.

Nakala: Shirika la Takwimu la Taifa (KNBS), Mbunge wa Kibra, Mbunge wa Lang'ata.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Makina, eneo bunge la Kibra, hapa Nairobi. Umeme umepotea tangu saa nane, cherehani nimeifunika kwa leso, na sare za watoto wa watu zimelala mezani bila kola. Basi nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nikafungua kurasa za nyuma, niwaandikie jambo lililonikaa kooni tangu Novemba 2019.

Ni jambo la hesabu. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 serikali ilituhesabu, na matokeo yalipotoka tukaambiwa Kibra ina watu 185,777. Tarehe 7 Novemba mwaka huo huo, miezi mitatu haijatimia, tulipiga kura ya kumtafuta mrithi wa mbunge wetu, marehemu Ken Okoth, na daftari la wapiga kura wa Kibra lilikuwa na majina 118,658. Mimi si mtu wa takwimu, ila kupima na kukata ndiyo kazi inayonilisha, na nikiziweka namba hizi mbili mezani naona nguo haimkai mwenyewe. Majina hayo ni kama 64 kwa kila watu 100 walioonekana na sensa, wachanga wa mgongoni wakiwemo. Tazameni nchi nzima: wapiga kura milioni 19.6 wa mwaka 2017 kwa Wakenya milioni 47.5 wa sensa, mnapata 41 kwa 100. Hata Nairobi yote, iliyojaa vijana waliokuja kutafuta kazi, haizidi 51 au 52. Je, Kibra hakuna watoto? Njooni saa kumi na mbili na nusu asubuhi msimame pale Olympic, mwone wanavyomiminika na mikoba yao.

Kwa hiyo katika vitabu hivi viwili kimoja kina kasoro. Ama sensa iliwaacha wengi nje, ama daftari limebeba watu wasiolala hapa, ama yote mawili. Mimi naamini ni yote mawili, na nitasema kwa nini. Nawaandikia nyinyi kwa sababu daftari liko kwenu na mpaka uko kwenu, na Katiba inawataka muupitie mpaka kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Mapitio ya mwisho yalikamilika Machi 2012. Miaka 12 iliisha Machi 2024, wakati tume haikuwa na kamishna hata mmoja, na hilo si kosa lenu mliokuja Julai 2025. Lakini kazi iko pale pale inawasubiri.

Mtakapoifanya, Kifungu cha 89 kinawataka mwangalie wingi wa watu, na pia umbile la ardhi, njia za mawasiliano, na uhusiano wa watu wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Historia imo ndani ya sheria, waheshimiwa, si porojo za wazee wa barazani tu. Basi nivumilieni niwape ya kwetu, maana makamishna hubadilika na mafaili huhama ofisi.

Kabla ya kura kulikuwa na msitu. Kibra kwa Kinubi ndiyo maana yake. Askari wa Kisudani wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles walipewa hapa mahali pa kukaa, na mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Juni 2017 jamii ya Wanubi, wazao wa askari hao, ilipokabidhiwa hati, ilikuwa ya ekari 288. Hapo katikati kuna karne nzima ya kuambiwa nyinyi ni wageni, na mgeni hapewi kitambulisho bila kuhojiwa babu yake alitoka wapi. Jirani zangu wamekaa mbele ya kamati za uhakiki wakitaja majina ya mababu waliozikwa hatua chache kutoka hapo walipokuwa wakihojiwa. Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za watoto iliikosoa Kenya kwa jambo hilo mwaka 2011, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikafuata mwaka 2015. Nalitaja kwa sababu bila kitambulisho huwezi kuandikishwa kupiga kura. Kitabu cha kwanza kutukataa hakikuwa chenu, kilikuwa kile cha vitambulisho, lakini chenu kinakula kutoka humo humo.

Na bado, mwaka 1969, tulipokuwa sehemu ya eneo bunge la Lang'ata, Yunis Ali, Mnubi, alichaguliwa mbunge. Wazee wa Makina hulitaja jina hilo kama watu wanavyotaja mvua ya mwaka fulani.

Mwaka 1974 akaja Mwangi Mathai. Katika kampeni aliahidi kazi. Mwanasiasa gani haahidi kazi? Alipokwisha kushinda, mkewe ndiye aliyekosa usingizi akijiuliza watu wale wataambiwa nini. Wangari Maathai akaanzisha kampuni ya kuotesha miche, ili wasio na kazi wa eneo hili waajiriwe kupanda na kutunza miti. Kampuni haikwenda mbali, lakini mbegu yake ndiyo iliyozaa Green Belt Movement mwaka 1977. Hebu fikirini: tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 ina mzizi mmoja katika ahadi ya kampeni ya Lang'ata. Ni ahadi ya kampeni pekee ninayoijua iliyoota majani.

Mwaka 1979 kiti kikaenda kwa Philip Leakey, ndugu yake Richard Leakey yule wa mafuvu ya kale, Mzungu aliyezaliwa hapa hapa Kenya, naye alikaa hadi uchaguzi wa 1992. Watu wa nje hushangaa. Hawajui kwamba Lang'ata ya zamani ilikuwa na Karen ndani yake, na ua mmoja wa Karen ungemeza kijiji chetu kizima na vyoo vyake. Mbunge mmoja alitakiwa asikie kilio cha farasi mgonjwa kule na cha mtoto mwenye kuhara huku. Ukimwuliza alisikia kipi kwanza, itategemea unamwuliza nani.

Nije kwenye mlolongo wa 1988. Nilikuwa na miaka 14. Uteuzi wa KANU, chama pekee wakati huo, ulifanywa kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea au ya mtu aliyeshika picha yake, na aliyepata asilimia 70 hakuhitaji tena kura ya siri, ameshapita. Mama yangu alipanga mstari akiwa na mdogo wangu mgongoni. Jua lilipopanda mtoto akaanza kulia. Mama akavumilia, akambembeleza, mwishowe akatoka kwenye mstari akaenda kivulini kumnyonyesha. Nilibaki mahali pake nimeweka mguu, kama tunavyofanya kwenye foleni ya maji. Wahesabuji wakafika. Mmoja akaniangalia, akanisogeza pembeni kwa mkono, taratibu tu, akaendelea na aliyekuwa nyuma yangu. Mama aliporudi anafunga vifungo vya blauzi, hesabu ilikuwa imeshampita. Hakuna aliyemwonea. Hata hakulalamika. Alisema tu, "Twende, maji yanaweza kukatika." Lakini toka siku hiyo najua kwamba mtu anaweza kuwepo, mwenye miguu miwili na mtoto mgongoni, na bado asihesabiwe, kwa sababu hesabu ilifanywa saa na mahali ambapo maisha yake hayakumruhusu kuwa.

Nawaomba mkumbuke maneno hayo mkifika mbele.

Desemba 1992 vyama vingi vimerudi, na karatasi ya kura imerudi. Raila Odinga akachukua Lang'ata kwa tiketi ya FORD-Kenya, alama ya simba. Yaliyofuata mnayajua. Mwisho wa 1996 alihama chama, na kwa sheria iliyotungwa enzi za baba yake mwaka 1966 ya kuwabana wanaohama, kiti kikawa wazi. Machi 1997 tukarudi debeni, naye akarudi bungeni na NDP, alama ya trekta. Tangu hapo jina la Tinga halikumtoka. Vyama vilibadilika kama mabango ya duka, mwenye duka yule yule: simba, tinga, upinde wa mvua wa NARC wa vyama vingi, halafu chungwa la ODM. Ndani ya wadi ya Sarang'ombe kuna kijiji kinaitwa Raila hadi leo. Sijui ni wapi pengine Kenya mbunge aliyekuwa hai aligeuka kuwa anwani.

Sisemi hayo kwa kumsifu wala kwa kumponda. Marehemu amepumzika tangu Oktoba 2025 na kila mtu hapa ana lake la kumkumbuka nalo. Mimi namkumbuka kwa vurugu za kodi za nyumba za mwaka 2001 pia, wenye nyumba na wapangaji walipokatana mapanga kwa jambo lililoanzia kwenye hotuba za wakubwa. Lakini kwa barua hii namtaja kwa jambo moja, la tarehe 27 Desemba 2007.

Chini ya Katiba ya zamani, rais ilibidi awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Mgombea angeweza kuongoza kura za urais nchi nzima na akaukosa kwa kuangushwa nyumbani. Kwa hiyo Lang'ata mwaka ule haikuwa eneo bunge tu, ilikuwa kufuli ya Ikulu, na Stanley Livondo wa PNU, chama cha Rais Kibaki, aliletwa kuivunja. Asubuhi ya kura Raila akafika kituo chake cha Old Kibera, na jina lake halikuonekana kwenye daftari. Ilibidi aondoke, arudi baadaye mambo yaliporekebishwa. Nilikuwa kwenye foleni ya kituo kingine, na habari ilipita kwenye foleni kwa kasi kuliko redio. Mzee mmoja mbele yangu akageuka, akasema, "Kama lake limepotea na kamera zote zile, langu litatafutwa na nani?"

Tume ya wakati huo ilikuwa nyingine, ilivunjwa, na nyinyi si warithi wa makosa yake. Lakini swali la mzee yule liko hai. Yaliyofuata Januari 2008 hatuyasimulii kwa watoto: reli iling'olewa kwa mikono, soko la Toi likachomwa. Cherehani yangu ya kwanza ilikuwa Toi. Niliikuta gurudumu na pasi ya makaa tu, vimeshikana.

Katiba ya 2010 ililifungua lile kufuli, ikawatenganisha mgombea urais na ubunge. Halafu mapitio ya mipaka ya 2012 yakatutenga na Lang'ata. Hapo nawapongeza watangulizi wenu. Sensa ya 2009 iliipa Lang'ata watu 355,188, wakati wastani wa eneo bunge moja, ukigawanya Wakenya milioni 38.6 kwa viti 290, ulikuwa watu 133,000 na kidogo. Tulikuwa watu wa maeneo bunge mawili na nusu tukiwakilishwa na mtu mmoja, ambaye kwa miaka mitano ya mwisho alikuwa pia Waziri Mkuu. Nairobi ikapanda kutoka viti 8 hadi 17. Karen, Nairobi West, South C, Mugumoini na Nyayo Highrise zikabaki Lang'ata. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley zikawa Kibra, kwa jina lake la Kinubi, bila ile herufi ya "e" iliyochomekwa katikati na watu wa ofisini. Siku hiyo kuna bibi hapa Makina alipika mandazi akagawa bure.

Kilichofuata kinaonyesha mpaka mzuri unaweza kufanya nini. Mwaka 2013 Kibra ilimchagua Ken Okoth, mtoto aliyekulia humu humu kwenye mabati, akasoma, akafundisha ng'ambo, akarudi. Tukampa tena mwaka 2017. Alikuwa wa ODM lakini hakuwa wa kelele. Basari zilifika. Mbunge wa Lang'ata kubwa asingeweza kuujua mtaro wa Kisumu Ndogo, huyu aliuruka akiwa mtoto. Saratani ikamchukua tarehe 26 Julai 2019.

Na hapo tukageuzwa uwanja wa mashindano ya wakubwa. Wagombea walikuwa 24. Jubilee ilimleta McDonald Mariga, mchezaji wa mpira aliyefika Inter Milan. Nyinyi, yaani tume ya wakati huo, mlimkataa kwanza kwa sababu jina lake halikuwemo kwenye daftari la wapiga kura, kisha kamati ya rufaa ikamrudisha. Daftari tena! Miaka 12 baada ya Old Kibera, bado habari ya kwanza ya uchaguzi wetu ni jina la mtu mkubwa lililokosekana kitabuni. Raila, Baba kama tulivyomwita, akaja akasema Kibra ni chumba chake cha kulala, wengine wasithubutu kuingia. Tulicheka, na wengine wakaichukua kwa uzito kupita kiasi, maana siku ya kura wanasiasa wa nje walitimuliwa kwa mawe mbele ya kamera, jambo ambalo mimi kama mwenyeji liliniaibisha.

Matokeo: Imran Okoth wa ODM, nduguye marehemu, kura 24,636. Mariga 11,230. Eliud Owalo wa ANC elfu tano na ushei. Wengine wakagawana makombo. Jumlisheni na mrudi kwenye yale majina 118,658. Waliojitokeza walikuwa theluthi moja na kidogo. Chumba cha kulala kweli, na wengi tulikuwa tumelala.

Au hatukuwepo. Hapa ndipo nataka mkae nami.

Mimi siku hiyo nilikuwa wakala wa chama, chama chenyewe sikitaji. Nilikaa darasani kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yamenifika kidevuni, nikiwa na nakala ya majina ya kituo chetu na kalamu ya risasi. Kila aliyefika nilimwekea alama. Kufikia saa sita mchana kurasa nyingine zilikuwa nyeupe kabisa, na kwa kukosa la kufanya nikaanza kusoma majina yasiyo na alama. Nikaanza kuyatambua. Huyu alikuwa fundi baiskeli wa Kambi Muru, tulimzika mwaka uliotangulia, na sisi majirani hakuna aliyekwenda kuripoti kifo ili jina lifutwe. Huyu amehamia Kawangware. Huyu Rongai. Hawa watatu wanafuatana, mama na wanawe, nyumba yao ilibomolewa Julai 2018 kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu walilala nje usiku ule. Wengine walikwenda Kayole, wengine walirudi mashambani, wengine hata sijui. Kwenye daftari wote bado walikuwa majirani zangu. Nikageuza karatasi nikaanza kuandika orodha ya pili: watu ninaojua wanalala hapa na hawamo. Vijana wa Lindi waliotimiza 18 na hawana kitambulisho. Wasichana wa kazi za nyumbani wanaotoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Mwalimu mmoja wa Laini Saba ambaye bado anapiga kura kwao Siaya, kwa sababu huko ndiko ana shamba. Orodha ya pili ilinijazia ukurasa kabla hatujafunga kituo.

Kwa hiyo mkitazama 64 kwa 100, msifikiri ni Kibra yenye wapiga kura wengi kupita kawaida. Ni daftari lenye watu walioondoka, juu ya sensa isiyowaona waliopo. Makosa mawili yamegongana yakatoa namba nzuri. Mshonaji mbaya hufanya hivyo hivyo: anakosea bega, anakosea kwapa, nguo inaonekana sawa ikiwa kwenye henga.

Najua kuna hadithi ya pili kuhusu idadi yetu. Kwa miaka mingi Kibera imetangazwa duniani kuwa na watu milioni moja, na kuna walioishi vizuri kwa hiyo milioni. Sensa ya 2009 ilipohesabu vijiji vyetu ikapata watu 170,070, wenye milioni yao wakanuna. Sitetei milioni. Anayetembea hapa anajua haitoshi kukaa. Lakini kati ya milioni ya wafadhili na 185,777 ya serikali kuna ukweli ambao hakuna aliyeutafuta kwa miguu, nyumba kwa nyumba, saa ambayo watu wako nyumbani.

Kwa sheria mko salama mkituacha. Wakenya milioni 47.5 kwa viti 290 ni wastani wa watu 164,015, na mjini mnaruhusiwa kuupita au kuupunguza kwa asilimia 40. Kibra ya 185,777 inakaa katikati kwa raha. Nairobi nzima ndiyo haikai: watu 4,397,073 kwa viti 17 ni zaidi ya watu 258,000 kila kiti, juu ya ile asilimia 40. Kwa hesabu yangu ya karatasi mji huu haupaswi kuwa na viti chini ya 20, na kwa kuwa viti ni 290 basi, kuna mahali vitatolewa, na vita vya hapo nawaachia. Hofu yangu ni nyingine. Mji ukianza kukatwa upya, mkasi hutafuta mstari rahisi, na kwetu mistari rahisi ni miwili: reli na mto. Mkikata kwenye reli mtapasua vijiji ambavyo watu wake wanavuka reli mara 10 kwa siku kwenda chooni, sokoni na msikitini. Au mtaona wastani unapungua huku, mturudishe nusu Lang'ata. Vijiji vyote vya Kibra vibaki pamoja. Hilo silibembelezi, naliomba kwa jina la kile kifungu kinachotaja historia.

Kabla ya mpaka, daftari. Mmefungua tena uandikishaji wa kila siku tangu Septemba 2025, na hilo ni jema, lakini ofisi ya eneo bunge inayofungwa jioni ni mlolongo wa 1988 kwa wasichana wangu wa saa tatu usiku. Leteni mashine ndani, Jumapili, na jioni hadi saa tatu, Gatwekera na Soweto na Silanga, wala isiwe barabarani tu ambako ni rahisi kuegesha gari. Njooni na watu wa vitambulisho siku hiyo hiyo, meza zipakane, kijana atoke kwa huyu aingie kwa yule. Waliobomolewa nyumba wapewe njia rahisi ya kuhamisha kura waliko sasa, na waelezwe kwamba kuhama si kusaliti, maana wengi wanaamini ukiliondoa jina Kibra umemtupa marehemu Raila. Wazee wa vijiji wapeni fomu za kuripoti vifo, wanajua kila matanga. Na mkija kusikiliza maoni ya mipaka, msituite hotelini mjini. Ukumbi uko hapa Makina, na tusemezane kwa Kiswahili, karatasi zenu pia ziwe kwa Kiswahili.

Mwaka 2022 kiti kilikwenda kwa Peter Orero, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Dagoretti, naye ni wa chungwa vile vile. Uchaguzi wa Agosti 2027 utakuwa wa kwanza tangu vyama vingi virudi ambao yule aliyetuita chumba chake hayupo. Watakuja wengi na mabango mapya. Wote watataja milioni moja.

Nimalizie na mama. Ana miaka 76 sasa. Amefua nguo za watu Woodley kwa miaka zaidi ya 30, na juzi tulikwenda duka moja kusajili laini yake ya simu, mashine ikakataa vidole vyake. Kimoja baada ya kingine, vyote 10. Kijana wa duka akavifuta kwa kitambaa, akavipaka mafuta, akavifuta tena. Sabuni imeshakula mistari. Mama akaniuliza njiani kama na mashine yenu itamkataa mwaka 2027, nami sikuwa na jibu. Mkituma watu Makina kabla ya wakati huo, waulize kibanda cha sare za shule kilicho karibu na msikiti. Yeye huwa amekaa mlangoni, na kitambulisho kimo kwenye kibeti.

Wenu,
Mshonaji na mpiga kura,
Makina, Kibra.